Vitabu vya Kubana Matumizi Vilivyo Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nimemwambia si ajabu, haujawahi kupewa likizo tangu nizaliwe. Hakucheka. Ameniandikia vidonge na kunikataza ngazi, chumvi na ubishi. Chumvi naiweza.

Kwa hiyo ninakufa. Si leo, lakini si mbali. Sina hofu. Mtu aliyekagua shule maisha yake yote hawezi kuogopa kukaguliwa. Limebaki jambo moja tu la kuungama kwa mke wangu, nalo liko chini ya kitanda.

Vitabu. Vyote vya kubana matumizi. Tangu nistaafu nimekuwa nikivinunua kimyakimya, kimoja leo, kingine mwezi ujao, na kuvificha kwenye makasha yaliyoandikwa RIPOTI ZA UKAGUZI, ZISIGUSWE. Nilikuwa na hoja. Anayetaka kujifunza kutotumia pesa lazima kwanza atumie kidogo. Kila kitabu kiliahidi kurudisha gharama yake. Hakuna hata kimoja kilichofanya hivyo, lakini hilo si kosa la vitabu. Pengine vilikuwa bado vinajipanga.

Wala sikuvisoma bure. Kimoja kilinifundisha kuanika majani ya chai na kuyachemsha tena. Mke wangu alionja, akauliza kama majani yaliingia kwenye sufuria au yalipita jirani tu. Kingine kilinifundisha kuoga gizani ili kuokoa umeme. Nyonga yangu ya kushoto bado inakikumbuka.

Linaloniuma ni hili. Miaka yote hiyo mke wangu alikuwa akiniomba kitanda. Mgongo wake ni mbovu. Nami nilimjibu kwamba kitanda ni cha kulalia, na aliyelala hakioni. Sentensi hiyo niliitoa kwenye kitabu. Nilijivunia sana.

Mpango: kuuza vitabu, kununua kitanda, kisha kuungama nikiwa nimeketi juu yake. Ungamo lenye kielelezo! Atalia kidogo, atasamehe, nami nitakufa nikiwa nimelala pazuri. Sioni pa kushindwa.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kaenda kumwona dada yake. Nikaingia chini ya kitanda kwa tumbo. Kuingia si kazi.

Ajabu. Makasha yamekunjwa na kuegemezwa ukutani, matupu. Vitabu vyenyewe vimesimama minara minne, vinene chini, vyembamba juu, vimebana barabara mpaka kwenye mbao za kitanda. Unadhifu wa hali ya juu! Sikumbuki kuvipanga hivyo, lakini sikushangaa. Tabia ya mkaguzi hufanya kazi hata mwenyewe akiwa hana habari. Nikajipa tisa kwa kumi.

Vilikuwa vimekaza. Nikavinasua kwa mkongojo, kimoja kimoja. Kitanda kikalia. Nikakiambia kinyamaze, mimi nacho tumebakiza siku chache.

Kutoka ndiko kulikonishinda. Mtu wa mkokoteni, niliyemwita abebe vitabu, alipofika alikuta miguu tu. Akanivuta kwa vifundo, taratibu, kama mtu anayetoa mkate kwenye tanuri, kisha akaniuliza kwa adabu zote, mzee wangu, hapa wewe ni mwizi au mwenye nyumba? Nikamwambia leo nimeshika vyeo vyote viwili.

Muuza vitabu vilivyotumika, yule mwenye kibanda ubavuni kwa kinyozi, alifungua cha kwanza, akafunga. Akafungua cha pili, akafunga upesi zaidi. Akasema shikamoo babu, lakini vitabu hivi vimepigwa.

Alikuwa anazungumzia wino. Mimi siwezi kusoma bila kalamu nyekundu mkononi, ni ugonjwa wa kazi. Kila ukurasa umesahihishwa na kila sura imepewa alama. Nilimweleza kwamba hivyo thamani imepanda, maana mnunuzi anapata mwandishi na msahihishaji kwa bei moja. Akasema nani atanunua kitabu kilichokwisha kugombezwa. Baada ya mvutano (daktari angenikasirikia) tukakubaliana vikae kibandani, akiuza tugawane.

Nilipokuwa naondoka aliniuliza, babu, wewe umevisoma vyote, hebu niambie ukweli, vinafaa kununuliwa? Swali zuri sana. Nilimjibu kwa kirefu, kwa mifano, pande zote mbili. Nilipofika kwenye hitimisho nikaona anamfungia mteja mwingine daftari.

Jumatano, 5 Machi

Kitanda kimeanguka. Mke wangu alikuwa juu yake.

Amerudi leo asubuhi kutoka kwa dada yake, na baada ya chakula cha mchana akajilaza. Mimi nilikuwa sebuleni nikifanya mazoezi ya ungamo mbele ya kabati. Ukasikika mlio, kama mtu amedondosha mlango. Nikakimbia, yaani nilitembea nikiwa na nia ya kukimbia. Nikamkuta ameketi katikati ya shimo la godoro, magoti yamefika masikioni, ananitazama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Akauliza jambo moja tu: nani kachukua vitabu vyangu?

Vyangu!

Nikaketi kwenye kiti. Akanieleza kutoka humo humo shimoni, maana alikataa mkono wangu. Kitanda kilikuwa kimevunjika kitambo. Aliniambia, nikamjibu kwa ile sentensi. Siku moja akifagia akayafungua makasha, akasoma majina ya vitabu, akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akaona unene wake unafaa. Tangu hapo kila nilipoficha kimoja, yeye alikitoa akakipachika mahali pake. Kile kinene kabisa, kuhusu furaha ya kuishi na vitu vichache, ndicho kilichobeba kiuno chake. Akasema ni kitabu kizuri sana, hakijawahi kuyumba.

Nikamwambia nilikuwa mbioni kuungama. Akasema kumwungamia mtu jambo analolijua ni kumchosha bure.

Nimenyang'anywa ungamo langu! Nilikuwa nimelitunga lina utangulizi, kiini na hitimisho.

Binti yetu muuguzi alikuja kumchukua. Aliniangalia kama anavyowaangalia wagonjwa wanaoficha vidonge chini ya ulimi. Mlangoni mke wangu akageuka. Akasema, Mkaguzi, kitanda kikisimama nitarudi. Huniita Mkaguzi akikasirika. Siku za amani mimi ni Mzee Wangu. Akaongeza kwamba nisithubutu kufa kabla ya hapo, maana yeye hawezi kukaa msibani huku mgongo unamuuma.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimejipikia chai kwa majani mapya. Haikunoga.

Ijumaa, 7 Machi

Sijakata tamaa. Kinyume chake. Nikimrudisha, nitakuwa nimekufa mume bora. Nisipomrudisha, nitakuwa nimekufa tu.

Asubuhi nilimwita seremala. Nikamweleza kitanda ninachokitaka: chenye droo pande zote, meza ya kukunjwa kichwani, rafu miguuni, na godoro la kugeuzwa kila majira. Kimeelezwa kwenye sura ya saba ya kitabu fulani. Seremala akasikiliza huku penseli ikiwa sikioni, haikutoka. Akasema, mzee, kwanza ningekiona hicho kilichoanguka. Nikamkatalia. Nikamwambia nimemwita kwa ajili ya siku zijazo, si historia. Akataja bei. Moyo wangu uliruka pigo moja, na kwa moyo kama huu pigo moja ni mtaji.

Nikaamua kurudisha vitabu. Havinigharimu kitu, navirudisha minarani, mke anarudi, mambo yamekwisha. Nikajikongoja hadi kibandani. Rafu nusu tupu! Muuza vitabu alinipokea kwa mikono miwili, akanivutia kigoda. Mambo yamebadilika, babu, alisema. Watu wanavigombania.

Sikuelewa mpaka nilipochungulia kwa kinyozi.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kunyolea, hanyolewi, anasoma kwa sauti. Huyu ni jirani yangu, mstaafu kama mimi. Zamani nilikagua shule yake na kuandika kwamba vyoo haviridhishi. Hajanisamehe. Tunaishi ukuta kwa ukuta na kila akipitisha maji bafuni kwake huyapitisha kwa kishindo ili nisikie.

Alikuwa hasomi kitabu. Alikuwa anasoma wino wangu. "Mwandishi anatushauri tuzime taa. Je, sura hii aliiandika gizani? Inaelekea." Watu wakaangua kicheko. "Ukurasa wa mwisho anatuambia tusinunue tusichokihitaji. Angeanza na hapo." Mteja mwenye povu shavuni akagonga goti. "Sura ya tatu imekopa hoja za sura ya pili na haijazirudisha. Nne kwa kumi."

Kisha akaniona mlangoni. Akanyoosha kidole, akawaambia, jamani, mtu mwenyewe ndiye huyu, mkono huu ndio ulioandika kuhusu vyoo vyangu, nauona hata nikiwa nimefumba macho. Alitaka nifedheheke. Watu wakasimama wakanipa mkono. Kinyozi akanipa kiti. Miaka yote nimeandika ripoti, na hakuna aliyewahi kuisoma hata moja mpaka mwisho. Leo nimesomwa!

Mwalimu Mkuu alifunga kitabu, uso kama wa mtu aliyemeza kidonge bila maji.

Jumamosi, 8 Machi

Mgao wangu umefika, kwenye bahasha. Unatosha kitanda, droo na kila kitu. Nilisema mimi. Vitabu vya kubana matumizi vinalipa. Kinachotakiwa ni subira na kalamu.

Binti amekuja kunipima. Presha nzuri kuliko ya mwezi uliopita. Akapima tena, hakuamini. Akasema mama analala na wajukuu, wanampiga mateke usiku kucha, mgongo umekaza kama ubao, na kila asubuhi anauliza Mkaguzi amefikia wapi. Nikasema Jumatatu. Akauliza Jumatatu ya mwaka gani. Huyu mtoto amechukua ulimi wa mama yake.

Jioni nilikuwa uani nikihesabu droo kichwani. Mwalimu Mkuu akatokeza kichwa juu ya ukuta. Habari za jioni, jirani. Nzuri. Akasema amebakiza kuonja kitabu kimoja tu, kile chenye jalada la bluu, amechungulia kibandani akaona kina sura nzima kuhusu mke. Wino mwingi huko, alisema. Pensheni yake inaingia Jumatatu. Atakinunua, atakisoma kwa kinyozi. Kisha kichwa kikazama nyuma ya ukuta taratibu, kama jua la mtu mwenye roho mbaya.

Nimekaa chini. Nalikumbuka jalada la bluu. Sura ya tisa, "Mwenza Asiyebana." Nakumbuka na nilichoandika pembeni. Kilimhusu mke wangu, na sabuni.

Kikisomwa kwa kinyozi leo, kesho kiko kwa binti, na kesho kutwa mke wangu hana tena sababu ya kurudi kwenye kitanda chochote, hata kiwe na droo mpaka darini.

Jumatatu, 10 Machi

Jana kibanda hakikufunguliwa. Mpango wa leo ulikuwa mwepesi. Kupita kibandani mapema, kuchukua kitabu changu, kwenda kwa seremala na bahasha. Nikatoka. Nafunga mlango, nasikia mlango wa jirani nao unafungwa.

Tukatazamana. Tukaondoka.

Mimi moyo, yeye magoti. Mimi mkongojo, yeye mwavuli. Kwenye kona ya duka la dawa nilimtangulia kwa hatua moja. Kwenye bomba la maji akanipita, nikalazimika kushika nguzo. Alipoona nimeshika nguzo na yeye akashika ukuta, akajifanya anasoma tangazo. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alitupita sote wawili, akatupa pole. Tulifika pamoja, tumeweka mikono juu ya kaunta, hakuna mwenye pumzi ya kusema anataka nini.

Muuza vitabu hakuhitaji kuambiwa. Jalada la bluu lilikuwa limefungwa kwenye nailoni, na juu yake kibandiko: KIMESAHIHISHWA NA MKAGUZI MWENYEWE. Nikasema hicho ni changu. Akasema kweli, babu, nusu yake. Nusu nyingine ni ya kibanda. Na huyu mzee naye anakitaka. Sasa wazee wangu mimi nifanyeje?

Mwalimu Mkuu akataja bei. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha tena. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, wateja nyuma yake na mashuka shingoni. Mwalimu Mkuu akasema vyoo vyangu viliridhisha. Nikasema vilikuwa na mlango mmoja. Akasema mingine iling'olewa na upepo. Nikasema alama ni zile zile, na nikaweka bahasha nzima mezani.

Kitabu ni changu! Mwalimu Mkuu alifungua mwavuli wake, mvua haipo, akaondoka chini yake. Ushindi mkubwa kuliko wote tangu nistaafu. Nilifika nyumbani nikiwa mwepesi, hasa mfukoni.

Nikafungua sura ya tisa. Wino wangu upo pale pale: "Kweli kabisa! Mke wangu hutumia sabuni kana kwamba alizaliwa kiwandani. Mwandishi tisa kwa kumi."

Chini yake, kwa penseli, mwandiko mdogo uliosimama wima ninaoujua kuliko wangu: "Sabuni hiyo ndiyo iliyofua mashati meupe aliyokwenda nayo kwenye ukaguzi. Mtoa maoni hajawahi kufua hata leso. Mbili kwa kumi. Arudie."

Alikuwa amekwisha kukisoma. Mwaka gani sijui. Alikisoma, akanipa alama, akakirudisha chini ya kitanda, akalala juu yake, na asubuhi akanipa shati safi.

Nilitafuta hoja ya kukata rufaa. Nimezoea kuziona haraka. Sikuiona.

Kupiga simu bila sababu maalumu ni ubadhirifu, sura ya nne. Nikapiga. Nikamwambia mbili kwa kumi ni haki, mimi ningetoa moja. Akanyamaza. Ulikuwa ukimya mzuri. Kisha akauliza, na kitanda, Mzee Wangu? Mzee Wangu! Nikamweleza pesa ya kitanda ndiyo niliyokombolea kitabu.

Akanyamaza tena. Huo haukuwa ule wa kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja. Hakubisha hodi. Nyuma yake seremala.

Seremala alipiga magoti, akachungulia chini ya kitanda, akapiga mluzi mfupi. Boriti ya kati tu, akasema. Vingine vyote vizima, mbao za siku hizi hazifikii hizi. Akaleta kipande kimoja cha mbao, akakipima kwa penseli ya sikioni, akakikata, akakifunga kwa skrubu. Birika lilikuwa halijachemka. Akanitazama kwa upole, akasema mzee, ile Ijumaa ungeniachia nichungulie. Nikamjibu kwamba ukaguzi wa haraka ndio chanzo cha makosa mengi. Akakubali. Watu wa mikono wana heshima.

Mke wangu alimlipa. Pesa aliitoa kwenye kopo la sabuni ya unga. Si kopo tupu. Alipekua ndani ya unga, zikatoka noti zilizofungwa kwenye nailoni, kisha akapangusa vidole. Nikauliza zimetoka wapi. Akasema kwenye matumizi ya nyumbani, kidogo kidogo, si wewe ulikuwa unasema tubane? Nikauliza kwa nini sabuni. Akasema ndipo mahali pekee humu ndani ambapo mkono wa Mkaguzi haujawahi kufika.

Basi angeweza kumwita seremala siku yoyote! Nilimwuliza hilo pia. Alikuwa amejinyoosha kitandani, amefumba macho, kitanda kimya kama maji ya mtungini. Akasema alikuwa anataka kuona kama nitamwita mwenyewe. Kisha akasogea akaniachia upande wangu.

Nililala pale karibu naye. Nilifikiri huu ungekuwa wakati mzuri wa kufa. Lakini mgongo wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza, na sikutaka kumwamsha.

Kabla hajasinzia alikuwa ameniapisha. Hakuna tena vitabu vya kubana matumizi ndani ya nyumba hii. Nikaapa. Kutoka moyoni, na moyo wenyewe huo uliochoka. Nimejifunza. Naandika hapa ili ibaki: nimejifunza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka na nguvu. Binti kanipima, kasema nikiendelea hivi nitawazika wao.

Nikiwa natafuta kiatu niliinama chini ya kitanda. Patupu! Hakuna minara wala makasha. Nafasi kubwa, kavu, safi, ya godoro zima, haina kazi yoyote. Nikakaa pale nikiitazama kwa uchungu. Nyumba ndogo kama hii, na nafasi kama ile inalala bure usiku na mchana. Kama huo si ubadhirifu, sijui ubadhirifu ni nini.

Nikapita kwa muuza vitabu, kusalimia tu. Akaniambia kuna kitabu kipya, kinafundisha namna ya kutumia nafasi zilizo wazi nyumbani bila gharama. Si cha kubana matumizi, kwa hiyo kiapo hakikihusu. Ni cha nafasi. Juzuu mbili, jalada gumu. Nikamwambia aagize. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa ananyolewa, alisikia, akaagiza na yeye. Nikamwambia yangu ije kwanza.

Nimelipa yote kabla, kwa pensheni yangu, ili nipate punguzo. Vitafika baada ya wiki tatu. Mke wangu hajui. Nitamwungamia vikishafika, na safari hii nitaanza mimi. Nimekwisha kununua kalamu nyekundu mpya.

Suala la kufa nimeliahirisha. Kufa sasa, vitabu vimelipiwa na havijafika, kungekuwa upotevu wa pesa usio na kisingizio.